Namba 417

Januari, Waltham, theluji hadi gotini,
na kazi yangu ni kuzunguka nje na kamera ya kampuni
nikipiga picha ya chochote chekundu:
bomba la zimamoto, skafu ya mtu wa posta,
pua ya mhandisi Dunleavy.
Navuta karatasi. Inatoka na utelezi wake ndani,
dawa nzito kama uji wa mgonjwa
iliyobanwa baina ya shuka mbili.
Kisha naitia kwapani.

Ndivyo tulivyoagizwa. Baridi huzizubaisha rangi:
samawati hufika mbio, nyekundu husuasua,
manjano haiji kabisa,
na kila mtu hutoka kama aliyeopolewa mtoni.
Basi sisi, wasomi wa kemia, wanne kwa mstari,
twasimama uani mkono mmoja umebana
mithili ya kuku wenye bawa bovu,
tukihesabu hadi sitini.
Mimi huhesabu kwa Kiarmenia.
Dunleavy asema nakimbiza sekunde.

(Limau la majaribio, lile la kwenye bakuli,
limepigwa picha mara nyingi kuliko ukoo wetu mzima.
Likianza kusinyaa nalibeba nyumbani, tunywee chai.)

Mama aliniuliza inakuwaje.
Nikamwambia: rangi tatu zimelala gizani,
kila moja kitandani pake.
Mwanga ukiingia, zinazoguswa hunaswa papo hapo.
Zisizoguswa huamka, hupanda,
huogelea ule uji, hutua kwenye karatasi nyeupe.
Tukibandua, hizo ndizo picha.
Akaendelea kumenya kitunguu.
"Kumbe picha," akasema, "ni wale walioponyoka."

Sikulala vizuri usiku ule.

Jumapili akaitoa ndani ya Biblia:
wasichana watatu, zulia la studio, Harput,
pembe moja imeliwa na jasho,
maana aliibeba kwapani wiki saba
hadi Aleppo, na hakuwa na kitu kingine cha kubeba.
"Mashine yenu inatoa rangi. Ipige hii.
Nataka kuliona gauni la Zaruhi."
"Lilikuwa la samawati," akasema mama mdogo Nvard.
"Manjano! Pindo nililishona mimi."
"Ulishona la kwako."
Miaka arobaini na sita wanabishana hivyo,
na Zaruhi, katikati yao, hasemi.

Nilijua. Mimi ni mkemia, nilijua vizuri sana.
Ningeweza kueleza, nikafungua kinywa,
nikajikuta nasogeza taa mbili.

Mama akaishika picha wima mbele ya kabati.
Nikabonyeza. Nikavuta.
Jiko lilikuwa na joto la kutosha, haikuwa lazima,
lakini alinyoosha mkono, nikampa,
akaitia kwapani, ndani ya sweta,
akafumba macho.
Nvard ndiye aliyehesabu. Polepole. Polepole mno.

Nilibandua.
Kahawia.
Kahawia ya chai iliyokolea, yenye wekundu kidogo vivulini,
kahawia tuliyoitafuta maabara tangu Oktoba tusiipate.
Zulia kahawia. Gauni kahawia. Mashine haikujua kudanganya.
Na ukingoni, pasipokusudiwa,
dole gumba la mama: waridi, lina damu,
kovu la kisu juu ya kifundo, ukucha wa manjano ya kitunguu.

Wakatazama kwa muda mrefu.
"Kidole chako kimetoka vizuri," akasema Nvard.

Nusu ile nyingine, yenye uji, nikaiokota nikaitupe.
"Hiyo je?"
"Ni takataka, mama. Zimebaki zilizonaswa."
Akanipokonya. Akaitandaza juu ya gazeti, karibu na jiko,
akaiweka mawe manne pembeni isijikunje.

Jumatatu, kwenye daftari la kazi:
Namba 417. Ndani, nyuzi ishirini na mbili.
Kahawia: sahihi.
Ngozi: sahihi.
Sekunde: tisini, kosa la mhesabu.
Manjano: haikupimwa.